Gari Halikui

Umezileta zimefungwa blanketi la harusi yenu,
rimu nne za inchi kumi na saba,
ukazifungua kwenye sakafu yangu hapa Pasua
taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala.
Zinang'aa. Sikatai.
Hata Kundaeli ameacha jeki hewani
akaja kujitazama meno ndani yake.

Na matairi umeshanunua, unasema,
mapya, duka la karibu na stendi,
jamaa kakupunguzia elfu arobaini.
Mbili mbili tano, hamsini na tano, kumi na saba.
Hapo, Aminieli, ndipo ninapovuta ndoo nikakaa.

Soma ubavu wa lile ulilokuja nalo.
Futa vumbi kwa kidole. Umeona?
Mia na tisini na tano: upana, kwa milimita.
Sitini na tano: hiyo si milimita, wengi hujikwaa hapa,
ni asilimia ya ule upana, ndiyo kimo cha ubavu.
Kumi na tano: inchi, tundu la kukaa rimu.
Watu watatu nyumba moja,
kila mmoja anahesabu kwa lugha yake,
na sahani ya kulia ni ile ile.

Sasa wewe rimu umeiongeza inchi mbili.
Basi ubavu na ukonde,
ili gurudumu zima, ukiliegemeza ukutani,
lifike palepale nilipochora chaki.
Hili la mbili sifuri tano, hamsini, kumi na saba,
linauvuka mstari kwa unene wa sarafu.
Lako linauvuka kwa vidole vitatu.

Unacheka. Litanyanyuka, unasema, litapendeza,
Desemba utapanda nalo Mwika
watu watoke migombani kutazama.
Watatoka.
Watalisikia kwanza: kwenye kona,
umebeba mama, shangazi, gunia la mchele,
mpira unalamba digadi, krrr, krrr,
kila usukani unapofika mwisho.
Na mshale utakudanganya kwa adabu:
kila mzunguko, sentimita kumi na nne za barabara
zinapita bila kuandikwa.
Wewe utaona hamsini.
Askari wa Himo, na tochi yake, ataona hamsini na tatu,
na kila mmoja ataapa kwa alichokiona.

Mama alininunulia viatu Memorial,
vyeusi, vya ngozi, namba arobaini.
Mguu wangu ulikuwa thelathini na saba.
Akashindilia magazeti mbele, akasema, utavikulia.
Nikavikulia kweli. Kidato cha tatu
nilifika mwisho wa magazeti,
nikisoma kwa vidole vya mguu
habari za mwaka niliokuwa mfupi.
Lakini gari halikui, Aminieli.
Digadi haitaamka asubuhi imeongezeka.

Lile tairi juu ya paa, bega limekwanguka
hadi nyuzi zinachungulia, si la kuuza.
Ni la mwaka wangu wa pili kazini.
Mteja alisema, weka tu, fundi, nitaendesha polepole.
Nikaweka tu.
Alirudi mzima, Mungu ashukuriwe,
juu ya lori la ndizi kutoka mteremko wa Kilema,
akaliviringisha hadi miguuni pangu,
akaondoka bila neno.
Afadhali angetukana.

Kawahi duka kabla hawajafunga.
Wakigoma kubadilisha, taja jina langu.
Wakigoma bado, uza kwa hasara
kwa mwenye gari linaloyataka;
ile elfu arobaini, na nyingine juu yake,
iite karo.
Rimu ziache hapa, na blanketi lake.
Kundaeli hazigusi,
labda kwa meno tu.