Yamesimama Tu

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Nimeijaza miaka tisa hapa Mishomoroni,
nyuma ya tangi la maji, chumba cha mabati
ambacho ikifika saa nne huwa tanuri
na sisi huwa mikate.

Cha kwanza: *Anashika penseli kwa vidole vitatu?*
Shee hashiki. Shee huikamata kwa ngumi
kama mamake akamatavyo kisu cha kumenya viazi
pale stejini, karai likichemka.
Lakini mpe unga wa kuchezea, ukae kando, utazame
anavyobana kingo za sambusa ya kuigiza,
kidole gumba na cha shahada, kibano baada ya kibano,
hapana upenyo hata wa sisimizi kupita.
Mkono unajua. Ni penseli tu haijatambulishwa.

Mamake alikuja Jumatatu, leso inanukia ndimu na pilipili.
"Mwalimu Dzame, nalipa. Kila wiki nalipa.
Na mwanangu yuwacheza. Kutwa yuwacheza.
Mtoto wa jirani, kule shule ya ghorofa,
ashaandika mpaka zedi, daftari zima lajaa.
Wangu aniletea mtanga mifukoni."

Ningemwambia nini?
Kwamba mchanga ule ndio daftari?
Nilimwambia hivyo. Alinitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Cha tano: *Anapatana na wenzake?*
Tsuma ameuma watoto watatu wiki hii.
Niliandika "Hapana", kisha nikafuta.
Kwao wamezaliwa mapacha.
Mapaja ya mamake yalikuwa kiti chake peke yake;
leo yana wapangaji wawili wasiolipa kodi.
Basi kila asubuhi, kabla ya nyimbo, namkalisha kwangu
dakika tano. Simwulizi kitu.
Alhamisi hakuuma.
Ijumaa aliuma, ila shati tu.

Mwezi wa pili nilimpima Shee kwa maji.
Vikombe viwili vya plastiki, vya kijani, sawasawa.
"Yako na yangu, yepi mengi?"
"Sawa."
Nikamimina yangu kwenye chupa nyembamba ya dawa ya kikohozi,
yakapanda mpaka shingoni. "Na sasa?"
"Yako! Yamefika juu!"
Midomo ikamtetemeka, ameonewa.
Sikumsahihisha. Hata mwenye nyumba wangu, mtu mzima,
akiona ghorofa hudhani humo ndani mna raha zaidi.
Nikaleta beseni, mikebe, faneli ya mafuta ya taa,
kata ya kifuu, mitungi miwili iliyovunjika masikio,
nikawaacha walowe.
Miezi minne ya wazazi kulalamikia sare.

Siku aliyokuja mkaguzi wa kaunti
alisimama mlangoni, viatu vikikwepa dimbwi.
"Hawa husoma saa ngapi?"
Sikuwahi kujibu. Pale beseni Bimkubwa ameanza kulia:
chupa ya Shee imejaa, mkebe wake haukujaa,
na walichota kwa kata moja!
Shee akamimina kule. Akarudisha.
Akamimina tena, polepole,
kama muuza mafuta ya kupima.
"Ni yaleyale," akamwambia. "Yamesimama tu.
Ukiyatia kwako, yanakaa."

Mkaguzi hakusikia. Alikuwa akihesabu madirisha.

Usiku huu stima imepotea, naandika kwa tochi ya simu.
Penseli: bado.
Herufi: sita, mbili kati yazo kichwa chini.
Kuhesabu hadi ishirini: huiruka kumi na nne
kama ngazi iliyooza.
Nimetafuta kisanduku cha maji yaliyosimama.
Hakipo. Nimegeuza karatasi, nyuma ni tupu,
isipokuwa mstari mmoja chini: *Kwa matumizi ya ofisi pekee.*
Nimeandika hapo hapo.

Kesho nitamwita mamake, wala sitamhubiria.
Nitampa kikombe na ile chupa ya dawa,
nimwambie, muulize mwenyewe, kisha nyamaza.
Asije na leso mpya, lakini.
Atalowa.