Kamwene kwa Meza

Alhamisi jioni, nyuma ya stoo ya mbao ya Ambakisye,
Mafinga, ukungu umeshaingia hadi kwenye kopo la misumari.
Tunafika wanne. Hakuna anayedai habari za nyumbani,
za kazi, za watoto, za huko utokako.
Semkondo anaitazama meza, anasema "kamwene,"
basi, tumesalimiwa sote.

Mimi niliombewa mara tatu. Nikapakwa mafuta.
Shangazi alisema ni kiburi, kutotazama watu usoni.
Mwalimu aliandika: ana akili ila hasikii.
Nilisikia. Taa ikivuma, kola ya sare ikinikwaruza,
mtu dirisha la tatu akitafuna muwa.

Nina miaka thelathini na sita nilipopewa neno: usonji.
Nililirudia njia nzima toka Iringa,
Tanangozi, Ifunda,
mpaka likalainika mdomoni.

Atuganile anazo kichwani namba za malori ya Tunduma.
Anazitaja moja moja, tangu Jumatatu.
Tunasikiliza. Akikosea, Semkondo anamsahihisha,
naye anafurahi kusahihishwa.
Mvua ikipiga bati anaziba masikio;
Ambakisye anamsogezea sweta lake zito, haulizi kitu,
na tunaacha kuongea hadi bati linyamaze.

Wiki jana mikono yangu ilipepea.
Yenyewe tu, kwa furaha, vidole vyote kumi,
mbele ya watu, tangu darasa la pili.
Niliikamata haraka, nikaikalia.

Ambakisye alikuwa akitazama ukuta.
"Iachie," akasema. "Hata mimi
huwa naifungia msalani."