Yupo, Yuko, Yumo

Mlango ukigongwa saa mbili usiku
Ombeni hujibu kabla sijamwashiria:
"Mama yumo ndani, ila yuko kazini."
Mama Nakiete wa ng'ambo ya ukuta huguna,
huacha kibakuli chake cha kuazimia chumvi kizingitini.
Pasua nzima inajiuliza, kazi gani hiyo,
mtu juu amevaa blauzi ya kanisani,
chini kanga na kandambili?

Mchana nauza pembejeo Kiboriloni,
mikono inanuka dawa ya nyanya mpaka nalala.
Usiku nauza kisichopimwa kwa kilo,
viambishi, kwa dakika,
kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi,
nyuma yangu shuka la maua
kuficha ukuta ulionyeshewa tangu masika.

Mwanafunzi wa Jumanne ni Solveig.
Ameolewa na kijana wa Uru, wanaishi kwenye theluji,
anataka maneno ya kuongea na mama mkwe
bila mume kukaa katikati.
Miezi minne tumekwama palepale.
Namwambia: yupo, hapa, pa kugusa.
Yuko, huko, usiniulize mtaa.
Yumo, ndani, amezungukwa.
Anaandika. Anacheka. Anakosea.
"Paka yumo juu ya meza."
Labda, Solveig, kama meza ina tumbo.

Umeme ukikatika nahamia kwenye simu,
bando linaisha kama sukari msibani,
uso wake unaganda, mdomo wazi,
nami naendelea kufundisha picha.

Jumanne ile hakufungua daftari.
Alisema polepole,
kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:
"Mwalimu, baba mkwe amefariki.
Wamezika Jumamosi. Sisi hatukupata tiketi.
Mama amenionesha kwa simu.
Migomba, udongo mpya, maua ya plastiki.
Sikujua niseme nini. Nikasema,
Baba yumo.
Mama akasema, ee mwanangu,
yumo."

Mara ya kwanza bila kosa.
Kazi yangu hapo ni kusema "vizuri sana,"
na ulimi ulishaanza.
Nikaumeza. Nikasema pole.
Tukakaa, yeye kule, mimi humu,
jogoo wa jirani aliyepotelewa na saa akawika,
na tarakimu pembeni mwa kioo
zikaendelea kuhesabu hela.
Dakika kumi na saba.
Sikuzitoza.

Nilipofunga, Ombeni alikuwa amelala na viatu.
Kibakuli bado kipo kizingitini,
sisimizi wawili wanakikagua.
Nikakijaza chumvi hadi mdomoni,
nikazunguka ukuta na blauzi yangu ya kanisani,
nikagonga.
"Nani saa hizi?"
"Mimi, Mama Nakiete.
Nipo."