Jiko Katikati ya Ubao

Chumba chetu kiko juu ya duka la fundi cherehani, Eastleigh.
Fundi akikanyaga pedali sakafu hutetema,
na chaki yangu hutetema nayo.

Jumanne niliwapa maneno ishirini,
yamepangwa kama askari, nambari ubavuni.
Alhamisi yalirudi matatu,
na moja kati ya hayo lilikuwa jina langu.

Basi leo nimefunga kitabu.
Nimeandika JIKO katikati ya ubao,
nikalizungushia duara lililotoka kama kiazi,
nikasema: tunabungua bongo.

Gatluak akainua kidole kirefu.
"Kubungua, mwalimu, si ile ya mdudu kwenye mahindi?"
Ndiyo, ni ileile.
Ingia taratibu, toboa, toka na unga.

Kimya. Fundi huko chini akakata uzi.
Kisha "makaa," akasema Lensa, kwa sauti ya mtu anayedaiwa.
"Moshi." "Majivu."
"Kikohozi." Hilo lilitoka nyuma, likakohoa lenyewe.
"Sufuria." "Mwiko." "Kodi."
Kodi?
"Mwenye nyumba akiona majiko mlangoni," akasema Lensa,
"kodi inapanda."
Nikachora mstari, nikaiandika kodi.
"Majiko" sikuyafuta.
Niliandika "meko" kando yake, polepole,
kama mtu anayemsogezea mgeni kiti.

"Mke," akasema Tesfalem.
Darasa zima likamgeukia.
Eti mwezi wake wa kwanza Nairobi
alisikia jirani wa ghorofa ya nne kapata jiko,
naye, mtu wa heshima zake,
akapanda ngazi na debe la makaa begani.
Aliyefungua mlango ni bibi harusi.

Tulicheka hadi fundi akagonga kwa rula,
dari yake, sakafu yetu.
Nikayaandika yote mawili pembeni,
kitu kimoja, majina mawili,
inategemea umesimama wapi.

Sasa ubao umeshonana mistari.
Lensa amesahau kuogopa. "Na ile ya chini?" anauliza.
"Wali ukiisha, ile ngumu, ya kahawia,
watoto wanaigombania.
Inaitwaje?"

Nikafungua mdomo.
Kwetu Nyamira wali ulipikwa Krismasi,
na kilichoganda chini ya sufuria kilikuwa cha ugali,
nacho tulikiita kwa Ekegusii.
Kiswahili nilikipata shuleni, kwa alama,
na mtihani haukuwahi kuuliza
habari za chini ya sufuria.

"Sijui," nikasema.
Neno hilo niliwafundisha wiki ya kwanza.
Hawakuwa wamewahi kulisikia likitoka kwangu.

Dahabo yuko dirishani, miezi miwili sasa,
na hajasema lolote ila "nipo" majina yakiitwa.
Akashusha shela hadi kidevuni.

"Ukoko."

Mama yake alikuwa Mbajuni wa Kismayu.
Neno lilikuwa limegandia huko,
chini ya Kisomali, chini ya kambi, chini ya miaka,
na sasa amelikwangua,
analitazama kama mtu aliyeokota kijiko chake mwenyewe
nyumbani kwa watu.

"Ukoko," akasema Gatluak.
"Ukoko," akasema Tesfalem, na koo lake la milimani
likaikaza ile k hadi ikavunjika vizuri,
kama kitu chenyewe.
Kisha wakaanza kugombana:
mtamu ukiwa na chumvi, mtamu ukilowekwa kwenye chai,
kwetu hupewa mdogo, kwetu huliwa na mpishi.
Kiswahili chao kilikuwa kimejaa mashimo
na hakuna aliyeanguka.

Ubao haukuwa na nafasi tena.
Niliandika ukoko kwenye kiganja cha kushoto,
kwa kalamu ya wino, kama mtoto anayetaka kuibia.

Usiku, kabla ya kula, nikafungua bomba,
nikanawa mkono wa kulia tu.