Kesho, kwa Kijapani

Gari lilishuka melini Mombasa, likaendeshwa hadi Tororo
likiwa na sidii tumboni, imekwama.
Tulibonyeza kitufe. Tulichokonoa kwa kisu cha mezani.
Fundi Okongo akasema: nikiivuta hii, redio nayo itakufa.
Na redio yenyewe ilikuwa nusu hai:
masafa yake yalikomea tisini, ya huko ilikozaliwa,
stesheni zetu karibu zote ziko juu, ng'ambo ya ukuta.
Basi tukabaki nao, wale wasichana wawili,
katika Korona nyeupe iliyozidishiwa weupe
na vumbi la kiwanda cha saruji.

Nasema wasichana. Huenda sasa ni bibi za watu.
Mmoja sauti nyembamba, ya mbele;
mwenzake yuko nyuma nusu hatua
kama mtu aliyeshika upande wa pili wa meza
mkiipitisha mlangoni.
Nyimbo kumi na moja. Wa tano unaruka.

Baba, polisi mstaafu, Kiswahili alikitoa kambini
na alikitafuta kila mahali, hata humo.
Wakiimba *nani, nani*, yeye hujibu, kiwiko dirishani:
"Ni Owori, mwana wa Ofwono, fungueni!"
Na wimbo wa saba, pale wanapopanda pamoja
hata hujui ipi ni sauti ya nani,
neno lilikuwa moja, wazi kama kengele ya shule:
kesho.
Kesho, kesho, ngoma kidogo, na kesho tena.

Mama aliuchukua wimbo ule ukawa wake.
Watu wa chama wakija kudai mkopo wa gari
huwafungulia mlango wa dereva:
"Sikieni wenyewe. Hata Wajapani wanasema kesho."
Miguu yake ilipoanza kuvimba
akawa anakaa mbele, kila Alhamisi, kwenda Mbale kwa daktari,
na kabla hata ya kufunga mkanda
kidole chake kimeshafika kwenye saba.

Alhamisi moja, akimngoja mama, baba alipata abiria:
Mjapani wa mashamba ya mpunga kule Butaleja,
kofia mapajani, matope yamekauka magotini.
Gari likawaka. Wasichana wakaanza.
Yule bwana akashika dashibodi kama aliyeteleza.
Akasema mama yake alipiga pasi kwa wimbo huo.
Akauimba, vibaya, ile sauti ya nyuma tu.
Kisha akaeleza, kwa Kiingereza cha polepole:
mwanamke yuko mbele ya kioo, usiku,
anajipaka, anajifuta, anajipaka upya.
*Kesho* ya kwao ndiyo hiyo:
poda, wanja, rangi ya mdomo.
Siku inayofuata ina jina lake lingine kabisa.

Baba alimrudishia chenji yote, hata mia mbili.
Nyumbani hakusema neno.
Miaka miwili alimwendesha mama na kesho yake,
akikwepa mashimo ili wimbo usiruke.

Usiku ule walituachia chumba, mimi na shangazi Nyadoi.
Tulimwosha. Tukampaka mafuta.
Nikachukua kopo lake la poda, limebaki robo,
na kile kisponji kilichochanika pembeni,
nikaanzia kwenye paji, taratibu,
kana kwamba ngozi ingeweza kuwashwa.

Baba alikuwa mlangoni, viatu mkononi.
Alitazama mpaka nikamaliza shavu moja.
"Kesho," akasema.
Nikadhani anauliza maziko.
Nikamjibu: ndiyo, saa nane, kaburi limeshachimbwa.

Akatikisa kichwa. Akatoka.
Tukasikia mlango wa gari ukifungwa,
vioo vikipandishwa kimoja baada ya kingine,
kisha, kwa mbali, ile sauti nyembamba,
na mwenzake, nusu hatua nyuma.
Nikachovya kisponji, nikaanza shavu la pili.