Daftari la Vipimo

Bibi Dvoira alifika Nairobi mwaka wa thelathini na tisa
na sanduku moja, mkasi, na daftari la vipimo.
Picha zilibaki mpakani:
askari alizitazama moja moja, akazimwaga matopeni.
Daftari alilipekua, akaona tarakimu tupu,
akalirudisha.

Hirsh: kifua tisini na sita, bega la kushoto limeshuka.
Rokhl: kiuno themanini, usibane, mtoto anakuja Mei.
Leyb: acha pindo refu, anakua.

Barua zilikuja hadi mwaka wa arobaini na moja.
Kisha posta ya Nairobi ikawa jengo tu.

Usiku akavigeuza vipimo, sentimita kuwa inchi,
maana futi ya Mtaa wa Bazaar ilisoma inchi,
na kila mwaka, wiki mbili kabla ya Pasaka,
alishona vazi la mtu mmoja wa daftarini.
Vifungo, bitana, pasi ya makaa, kila kitu.
Kisha akatafuta mwili wa kulijaza.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Koti la Hirsh lilimkaa Kivuva, mpiga pasi,
kana kwamba lilikatiwa kwake:
bega lile lile limeshuka, lake kwa kubeba magunia ya makaa.
Shingoni mwa Kivuva kilining'inia kipande
ndani ya kibweta cha bati.
Bibi alikijua kibweta kile kabla hajakiona.
Alitoka mji ambako karatasi iliamua nani ashuke njiani,
akaja mji ambako karatasi iliamua vile vile,
ila safari hii yeye ndiye aliyepishwa.
Hakuwa na neno la hilo.
Alimshonea mfuko ndani ya mfuko.

Mfuko ndani ya mfuko: alifundishwa na mama yake,
naye alifundishwa na mamake, aliyetoroka Kishinau
siku milango ilipopasuliwa kwa mashoka,
pete tatu kwenye pindo, mtoto mmoja mgongoni.
Walikuwa watoto wawili.
Nyumbani kwetu tunahesabu mmoja.

Suruali ya Leyb aliishona kila mwaka, bila kuruka.
Alipiga hesabu: sasa ana minane, sasa kumi na mmoja,
sasa sauti imevunjika, ongeza inchi mbili.
Wavulana wa Pumwani walizivaa
hadi magoti yakachungulia nje.
Leyb alipotimiza ishirini, Bibi aliweka sindano chini.
"Basi," akasema. "Huyu amemaliza kukua."

Agosti themanini na mbili, asubuhi ya Jumapili,
redio ikipiga muziki wa jeshi,
nilimkuta mlangoni, Parklands, amevaa viatu
na makoti matatu, moja juu ya jingine.
"Unakwenda wapi, Bobe?"
"Sijui bado. Lakini niko tayari."
Mama alimvua koti la kwanza, la pili.
La tatu alikataa. Alilala nalo siku nne,
pasipoti zikikwaruza ndani ya bitana
kama panya.

Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Sasa nina mkoba nyuma ya mlango wa stoo
na sijamwambia mume wangu una nini.

Jana Azriel alirudi na barua ya shule: sare mpya.
Duka lina saizi zote, mdogo, wa kati, mkubwa.
Nikatoa daftari, nikaliweka mezani
kati ya mkate na bili ya maji.
Baada ya Leyb kuna ukurasa mmoja mtupu.
Bibi hakuandika humo jina la aliye hai,
wala mimi, wala mama; sisi alitupima kwa macho.
Penseli mkononi, nikakaa.

"Leyb ni nani?" mwanangu akauliza,
akisoma kichwa chini miguu juu.
Umeme ukakatika, kama kawaida ya Kileleshwa.
Nikaitafuta futi gizani, nikampata mabegani.

Simama wima kwanza, nikamwambia.
Usibane tumbo.
Pumua kama unavyopumua siku zote.