Sahani ya Sita

Fomu ilikuwa nusu karatasi ya daftari
yenye muhuri uliochongwa kwa kiazi: CHAMA CHA SAYANSIKIMU.
Jina: Yoeli Mazoya. Kidato: cha Pili B.
Sababu ya kujiunga:
hapo kalamu ikasimama kama punda mbele ya reli.

Wavulana wa dawati la nyuma walishacheka.
"Yoeli anakwenda kusomea mwiko."
Chilewa akanifunga sweta kiunoni, eti kanga.
Ningeandika nini? Kwamba naupenda mlio wa cherehani ya stoo,
inavyomeza uzi kama mbuzi anavyomeza ua la jirani?
Kwamba Madamu Peresi akieleza protini
sauti yake huwa ya mtu anayetaja ndugu zake?
Nikaandika: Kwa sababu na mimi nakula.

Kiingilio shilingi elfu moja.
Nilimchotea maji mke wa fundi baiskeli,
madumu matano, mia mbili mbili,
na Bahi nzima ikaniona.

Ijumaa tukaapishwa, kumi na mmoja:
wasichana tisa, mimi,
na Lameki aliyefuata harufu ya maandazi.
Mkono juu ya mizani ya jikoni,
maana vitabu vya dini vilikuwa kabatini kwa mkuu
na mkuu alikuwa Dodoma mjini, kikaoni.
"Sitapima kwa jicho kinachotaka kijiko.
Sitaita kidogo kingi.
Nitaongoza kuanzia kwetu."
Mshale ukatikisika kwa kila mmoja.
Kiapo changu kilikuwa na gramu mia sita.
Cha Lameki mia nne; macho yake yalikuwa kwenye maandazi.

Kazi ya kwanza: kwa siku saba
andika kinacholiwa kwenu, na kiasi chake.
Nikapiga mistari kwa rula.
Jumatatu: ugali wa uwele, mlenda wa kukausha, sahani tano.
Jumanne: vilevile, chumvi pungufu, sahani tano.
Jumatano baba karudi na kambale wa mbugani,
mmoja, vipande vitano.
Alhamisi wingu lilikuja likaondoka,
lakini wingu halikuwa na safu yake.
Nikajumlisha. Nikapigia jibu mistari miwili chini,
kama mhasibu wa halmashauri.

Madamu Peresi akapitisha kidole.
Hakugusia vitamini.
"Mpo wangapi nyumbani, Yoeli?"
"Sita, Madamu."
Kidole kikabaki palepale.
Nje treni ya mizigo ikapita, haina haraka,
nami nikahesabu mabehewa,
maana mabehewa yalikuwa rahisi kuhesabu.

Siku saba nilikaa jikoni na rula yangu.
Niliuona moshi, niliuona mwiko,
niliuona mkono ulioshika mwiko.
Mwenye mkono sikumwona akila.
"Nimeonjaonja," husema mama. "Kuonja nako kunashibisha."
Kuonja ni gramu ngapi?
Kitabu cha kidato cha pili hakisemi.

Wakanichagua mweka hazina, kura saba,
sijui ni huruma au ile mistari iliyonyooka.
Chilewa alinipigia saluti dirishani
kwa mwiko wa kuazima.

Jioni ile nilipanga sahani mimi.
Ya sita haikuwepo, nikageuza mfuniko wa sufuria.
Nikaukata ugali kwa uzi,
tulivyofundishwa kukata mche wa sabuni.
Wadogo zangu wakanung'unika, mapande yao yamekonda.
Baba akautazama mfuniko, akanitazama,
akamega kwake, akaongeza pale. Hakusema neno.

Mama alibaki amesimama, kata mkononi.
"Hicho chama chenu," akauliza,
"kinafundisha kupika, au kuhesabu watu?"
Kisha akaketi,
upandeupande, karibu na mlango,
kama mgeni asiye na hakika kama ameitwa.
Akala polepole.
Akasema mlenda umezidi chumvi,
mlenda alioupika mwenyewe.